Mkopo wa Masomo na Siku ya Mwisho

Tangu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ilipoasisiwa kwa sheria mwaka 1995, wana wa wakulima wa Masinga, Mwala na Yatta hapa Machakos wamefunguliwa njia ya chuo kikuu. Lakini fedha za mkopo zina muda wake wa kuombwa, na mwenye kustahiki anaweza kuzikosa kwa sababu tu alianza kutafuta nyaraka juma lile la kufungwa maombi.

Kitambulisho cha taifa hakitoki siku kiombwapo, na nambari ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato, KRA, hukitegemea. Wadhamini wa mkopo hawana budi kuridhishwa, na yatima hudaiwa cheti cha kifo cha mzazi, waraka ambao kuufuatilia huchosha mwili na moyo, nami naona ni dhuluma kumwachia mtoto kazi hiyo peke yake. Wazee wa ukoo, msindikizeni.

Basari ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, ni ombi jingine, lenye fomu yake na tarehe yake, na saini ya chifu. Kwa hiyo mwendeeni mapema, kabla foleni haijajaa barazani kwake.