Mtoto Anayeogopa Choo cha Shule

Ni mimi tena, muuguzi wenu wa jamii hapa Kabiria. Leo tuzungumze juu ya choo cha shule. Usicheke.

Majuzi mama mmoja aliniletea binti yake wa gredi ya tatu. Tumbo lilikuwa likimuuma, na usiku alikuwa ameanza kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameliacha zamani. Mama alidhani ni ukaidi, na mtoto alikuwa ameshachapwa. Nilimuuliza mtoto polepole: shuleni unakunywa maji? Akasema hapana. Kwa nini? "Nikinywa nitataka kwenda choo." Tulipopima mkojo tukakuta maambukizi.

Mama, huyo hayuko peke yake. Choo kikiwa kichafu, au mlango haufungiki, mtoto hujizuia tangu asubuhi hadi arudi nyumbani. Mkojo ukikaa sana kwenye kibofu, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Haja kubwa nayo ikizuiliwa hukauka. Ikitoka inauma, na mtoto anazidi kuiogopa. Kinyesi kigumu hubana kibofu, ndipo mkojo unapomponyoka kitandani. Wasichana huumia zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi. Kiboko hakitibu hayo.

Kwa hiyo usimuulize tu shule ilikuwaje. Atakujibu "poa", basi. Muulize: leo ulienda choo mara ngapi? Mlango unafungika? Kulikuwa na maji ya kunawa? Mpe chupa ya maji yaliyochemshwa, na jioni uiangalie kama imerudi tupu. Najua maji tunanunua kwa mtungi na makaa si bei rahisi, lakini mtoto wa miaka minane anahitaji vikombe vitano au sita kwa siku. Msichana mfundishe kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma.

Akilia anapokojoa, akienda haja ndogo kila mara, au akiwa na homa isiyoeleweka, mpeleke kituo cha afya, iwe Riruta au Waithaka. Usikimbilie dukani kununua dawa kwa kukisia. Mkojo upimwe kwanza. Homa ikija na kutapika au maumivu ya mgongo, usingoje kesho.

Sasa tuje kwa shule yenyewe. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, watoto walijaa madarasani, lakini vyoo havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kinachotakiwa ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Siku ya mkutano wa wazazi, pita nyuma ya madarasa uhesabu mwenyewe. Halafu uliza kwa heshima. Mwalimu mkuu hana pesa za kila kitu, lakini akiwa na wazazi nyuma yake anapata nguvu ya kusema mbele ya bodi. Wala usiende kama mtu anayeomba hisani: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa kiasi cha kuridhisha na maji safi.

Na sabuni? Shule zilipofunguliwa tena Januari 2021, baada ya korona, palikuwa na maji ya kunawa langoni. Mingi ya mitungi ile niliyoiona imekauka siku hizi. Sabuni ya kipande nayo haikai, hubebwa siku hiyo hiyo! Fanyeni hivi: chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, tia vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya unga, jaza maji, toboa kifuniko, uifunge kwa kamba kando ya mtungi wa maji. Mtoto akibinya, linatoka tone la kumtosha. Kila wiki mzazi mmoja alete sabuni. Kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa karibu thuluthi moja.

Yule binti alimaliza dawa na halowanishi kitanda tena. Mama yake na wazazi wengine wawili walichanga wakanunua komeo la mlango wa choo cha wasichana, na baba mmoja fundi akaja Jumamosi kulipigilia.