Mgeni Siyo Tusi: Kanisa Linatufundisha Nini Kuhusu Wakimbizi

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye darasa la itikadi la vijana wa chama. Wengi mliomba niiandike, nami nimeipunguza kidogo.)

   

Naanza kwa kuungama. Wakati wa uchaguzi uliopita, kwenye grupu letu la WhatsApp, mwenzetu mmoja alituma picha ya mgombea wa chama tawala akaandika: "Huyu naye si Mrundi tu huyu!" Tulicheka. Na mimi niliweka kicheko. Wiki haijaisha, mgombea wetu wa kijiji akapigiwa pingamizi: eti siyo raia. Hapo hakuna aliyecheka. Tukaanza kuandika mambo ya haki, Katiba na utu.

Jamani, utu gani huo unaoanza pale tunapoguswa sisi?

Leo nimeombwa nizungumzie Mafundisho Jamii ya Kanisa Katoliki kuhusu wahamiaji. Najua humu ndani kuna Waislamu, Walutheri, na wengine mliomaliza kipaimara hamjaonekana tena kanisani. Msiogope, siji kubatiza mtu. Nawaletea hoja, mzipime kama hoja.

Mwaka 1952 Papa Pio XII alitoa waraka unaoitwa Exsul Familia, yaani familia iliyo uhamishoni. Dunia ilikuwa imejaa watu waliong'olewa makwao na Vita vya Pili. Papa akaanzia kwa Yosefu, Maria na mtoto Yesu waliokimbilia Misri wakimkwepa Herode. Kwa lugha ya leo, ile Familia Takatifu unayoiona ukutani kwa bibi yako ni familia ya wakimbizi. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris, akaiweka haki ya kuhama miongoni mwa haki za binadamu.

Ukiyakusanya mafundisho hayo unapata nguzo tatu. Kwanza, mtu ana haki ya kubaki kwao na kuishi kwa heshima bila kulazimika kuondoka. Pili, yakimshinda huko, kwa vita, mateso au njaa, ana haki ya kuhama kuokoa maisha yake na ya familia yake. Tatu, nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, ila kwa haki na huruma. Na Katekisimu inasema pande zote mbili: nchi zenye uwezo zipokee wageni kwa kadiri ziwezavyo, na mgeni naye aheshimu sheria na urithi wa nchi iliyompokea. Kwa hiyo anayesema Kanisa linataka mipaka ifutwe, hajasoma.

Papa Fransisko ziara yake rasmi ya kwanza nje ya Roma, Julai 2013, hakwenda ikulu ya mtu. Alikwenda Lampedusa, kisiwa ambacho Waafrika wenzetu walikuwa wakifa baharini wakijaribu kukifikia. Baadaye akayafupisha mafundisho kwa vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kuendeleza na kushirikisha. Sasa tuvipime vitenzi hivyo hapa kwetu.

Kupokea tumepokea, tena sana. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakaingia Ngara. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alipewa medali ya Nansen mwaka 1983 kwa sababu ya namna nchi hii ilivyowatendea wakimbizi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima wakajilisha wenyewe, na mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao walianza kupewa vyeti vya uraia. Nchi haikuzama. Leo ni raia wenzetu, na kura zao tunaziomba.

Tatizo letu ni vile vitenzi vingine. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Aliyezaliwa humo mwaka ule ni mtu mzima, pengine ana watoto, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 bado inamtaka awe na kibali kutoka nje ya kambi. Kijana wa rika letu hawezi kwenda sokoni Kasulu kuuza nyanya bila kuruhusiwa. Huyo tumempokea, lakini tumemwendeleza? Tumemshirikisha?

Kuhusu kulinda, wenzangu wa sheria mnaujua Mkataba wa OAU wa 1969, ambao nchi yetu imeuridhia. Ibara ya 5 iko wazi: mkimbizi anarudi kwao kwa hiari yake. Hiari maana yake anaweza kusema hapana na bado akaishi. Ukimfungia soko, ukambana asitafute riziki, halafu ukamletea fomu ya kurudi asaini, hiyo saini ina hiari gani? Sisi tunaojua maana ya kusainishwa vitu kituoni tusijifanye hatuelewi.

Nawasikia mnaosema: dada, ajira zenyewe hazitutoshi. Ni kweli. Lakini mkimbizi wa Nduta siyo aliyekunyima ajira. Na hapa irudieni ile nguzo ya kwanza, haki ya kubaki kwenu. Dada zetu wanaopanda ndege kwenda Oman kufanya kazi za ndani, wengi hawaendi kwa kupenda safari. Huku kumewashinda. Tunataka waajiri wa Muscat wawaone ni binadamu. Basi na sisi tumwone binadamu aliyeko Kigoma.

Halafu kuna jambo la kisiasa kabisa. Neno "siyo raia" ni silaha, na tunajua inaelekezwa kwa nani. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa siyo raia. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, aliyedai Katiba mpya hadharani, naye aliwahi kuhojiwa na Uhamiaji kuhusu uraia wake. Kila tunapolitumia neno hilo kama tusi, tunainoa silaha ambayo kesho itatukata sisi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Moja: kwenye kurasa na magrupu yetu, asili ya mtu isiwe tusi, hata kwa mpinzani wetu. Mbili: vijana tupeleke pendekezo ilani ya chama idai sheria ya 1998 irekebishwe, mkimbizi aruhusiwe kufanya kazi na kutembea kwa utaratibu unaoeleweka. Tatu: tuseme hadharani kwamba kurudi kwao kuwe kwa hiari ya kweli, hata kama msimamo huo hautatuletea kura hata moja. Mkimbizi hapigi kura. Ndiyo maana yeye ni kipimo kizuri cha kama haki tunayoihubiri tunaiamini.

Ile meseji yangu ya kicheko nilitaka kuifuta, muda ukawa umepita. Bado iko pale. Nimeiacha inikumbushe.