Breki Zinazoshika Asubuhi na Kukataa Mchana

(Muziki wa kipindi, sekunde 10, kisha ushuke taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na madereva wa teksi, wenye magari, na wewe mama unayepanda gari hilo kumpeleka mtoto hospitali.

Magari mengi yanayotubeba yamekula miaka. Shida ya breki za gari kuukuu ni kwamba hazikatai siku zote. Asubuhi zinashika vizuri. Mchana, gari likiwa limejaa, unakanyaga na pedali inazama. Ukifika kwa fundi jioni, zinashika tena. Fundi anakanyaga mara mbili, anasema, "Mbona ziko sawa?" Nawe unarudi barabarani.

Ndugu dereva, breki iliyokataa mara moja itakataa tena. Tuangalie sababu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni joto na mafuta ya breki yaliyochakaa. Mafuta haya huvuta unyevu hewani kidogo kidogo. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 205. Yakishaingiwa na maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Ukibeba mzigo mzito na kufunga breki mara kwa mara, mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Mvuke hubonyea, ndiyo maana pedali inakuwa laini kama sponji. Ukipumzika nusu saa, breki zinarudi, nawe unasema zimepona. Hazijapona, zimepoa tu. Dawa yake ni kubadilisha mafuta yote na kutoa hewa kwenye breki. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri kufanya hivyo kila baada ya miaka 2 hivi.

Ya pili ni masta silinda. Ndani yake mna mipira inayozuia mafuta yasirudi nyuma. Mpira ukichakaa, siku nyingine unazuia, siku nyingine unapitisha, na chini huoni tone hata moja. Jipime hivi: gari likiwa limesimama na injini inawaka, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, ushikilie huku ukihesabu hadi 30. Pedali ikizidi kuzama taratibu, kuna mafuta yanayopita mahali. Usiendeshe. Mwite fundi.

Ya tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Hapo shuku busta au mpira wake wa hewa. Zima injini, kanyaga mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu, ushikilie, kisha washa. Busta nzima itaifanya pedali ishuke kidogo. Isiposhuka, busta haisaidii.

Ya nne, gari linavuta upande mmoja ukifunga breki. Huenda breki ya tairi moja imenata, au mpira wa breki umeziba kwa ndani. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Lile lenye joto kuliko mengine litakuonyesha pa kuanzia.

Halafu kuna maji ya laga. Ukishavuka, breki zilizolowa hazishiki vizuri. Nenda polepole huku ukikanyaga kidogo kidogo hadi zikauke.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Sasa, fundi atalijuaje tatizo linalojificha? Weka daftari ndani ya gari. Andika saa, idadi ya abiria, umbali uliokwenda, na pedali ilikuwaje: laini, ngumu au ilizama. Kisha mwambie fundi mtoke pamoja saa ileile, na mzigo uleule, mahali pasipo na watu, kwa mwendo mdogo. Usikubali jibu la gari lililopoa.

Na tafadhali, usiongeze maji, sabuni wala oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Oili huvimbisha mipira yote na kuiharibu. Pia usikubali fundi azibe paipu ya tairi moja ili gari litembee. Gari hilo litakuyumbisha siku utakapokanyaga kwa ghafla.

Breki zikikataa njiani, usizime injini wala kuchomoa ufunguo, maana usukani unaweza kujifunga. Kanyaga na kuachia haraka haraka. Punguza gia moja baada ya nyingine. Vuta hendibreki taratibu, si kwa mkupuo. Piga honi, watu wapishe.

Najua mwenye gari anangoja hesabu ya jioni, na gari likilala, watoto wa dereva wanalala njaa. Kwa hiyo wewe mwenye gari, dereva akikwambia pedali imezama, usimwambie amalizie siku. Chupa ya mafuta ya breki na mipira ya masta silinda ni gharama ndogo kuliko mguu wa mtoto.

Nawe abiria, ukimwona dereva anapampu pedali ili gari lisimame, muulize. Asipokuwa na jibu, shuka. Kutembea jua kali si aibu.

Tukutane kipindi kijacho, mkiwa salama.

(Muziki wa kufunga.)