Habari za Simu: Nani Amezipima?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatutazungumzia mbuzi wa maziwa wala visima. Tumeombwa tuzungumze juu ya habari: siku hizi zinatoka wapi, na nani anazipima kabla hazijatufikia.

Zamani mwandishi alikwenda mahali, akauliza watu, akaandika. Mhariri naye alimuuliza: nani amesema? Umemwona? Ndipo sisi tukasikia kwa redio, au tukasoma Taifa Leo ya juzi. Tulichelewa kupata habari, lakini ikiwa ni ya uongo kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Simu imekata njia hiyo. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jumba la Westgate, Nairobi, na kuua watu 67, wengi walipata habari za kwanza kwa Twitter, ambayo sasa inaitwa X. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, wananchi walitazama kwa simu mambo yakiendelea. Hii ni faida kubwa, ndugu zetu. Hata daraja letu likivunjika asubuhi, picha yaweza kufika kwa ofisi ya kaunti kabla ya saa sita.

Lakini simu hiyo hiyo hubeba uongo kwa mwendo ule ule. Mtakumbuka Machi 2020, korona ilipoingia Kenya. Katika sehemu kadhaa watu waliamshana usiku wanywe chai ya rangi, eti mtoto mchanga amesema hiyo ndiyo kinga. Chai haidhuru. Lakini mtu akiamini chai imemkinga, atanawa mikono ya nini? Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa chuki ulipita kwa simu wakati wa fujo zilizoua watu zaidi ya 1,000. Simu haikushika panga, lakini ilichochea moto.

Jambo la pili ni pesa. Gazeti halikuishi kwa bei yake tu, liliishi kwa matangazo. Sasa wenye biashara wengi wanatangaza kwa Facebook na Google. Pesa zimehama, na kampuni za habari hapa kwetu zimeachisha kazi waandishi wengi. Msiseme hayo ni mambo ya Nairobi. Mwandishi akiondoka, nani ataketi kutwa nzima katika bunge la kaunti asikie pesa za zahanati zimekwenda wapi? Sisi tunaweza kupiga picha ya zahanati isiyo na dawa. Kufuata karatasi za zabuni miezi mitatu ni kazi ya mtu, na mtu huyo lazima ale.

Mambo haya mawili yakishikana, yanafaa sana. Mwaka 2025 waandishi wa BBC walichunguza picha zaidi ya 5,000 za siku ile ya Bunge, nyingi zikiwa zimepigwa na wananchi, wakaonyesha baadhi ya askari waliowapiga risasi waandamanaji. Wananchi walitoa macho, waandishi wakapima.

Basi vikundi vyetu vifanye nini?

1. Kabla ya kutuma habari tuulize kama mhariri: nani ameona? Wapi? Lini? "Imetumwa na wengi" si jibu. Picha ya zamani huvishwa tarehe mpya. Tumpigie mtu aliye huko.

2. Habari ya mkopo au msaada inayodai tutume ada kwanza, mweka hazina asitume hata shilingi. Aende ofisini mwenyewe, na mwenzake wa pili.

3. Kila kikundi kichague mwanachama wa kuandika mambo ya kijiji: tarehe, mahali, kiasi cha pesa, waliokuwapo. Mwandishi wa redio akifika, apate kitu cha kuanzia.

4. Tuchange tununue gazeti moja kila wiki, lisomwe mkutanoni kwa sauti ili hata wasiojua kusoma wasikie.

5. Gazeti au redio ikitukosea, tupeleke malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Na mwanachama akituma uongo, asahihishe mbele ya wale wale aliowatumia.

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa simu, lisemwalo laweza kuwa halipo wala haliji. Amri za Mungu zinatukataza kumsingizia jirani, na kidole kinachotuma ni sawa na mdomo unaosema.

Tumemaliza. Kila mmoja akapeleke neno hili kwa kikundi chake.