Mchunga, Mboga Chungu ya Ukambani

Mvua za vuli zinapoanza katika nchi ya Kitui na Makueni, kati ya Oktoba na Novemba, ghala za nyumba nyingi zimekwisha kupungua, na kunde zilizopandwa bado ni miche midogo. Wakati huo huchipuka shambani mmea ambao hakuna aliyeupanda. Wakamba huuita uthunga au muthunga. Kwa Kiswahili ni mchunga, jina lisilohusu mchunga ng'ombe hata kidogo, na wataalamu huuandika Launaea cornuta.

Siri ya kuwahi kwake imo chini ya udongo. Mmea huu una mashina membamba yatambaayo ardhini, nayo hustahimili kiangazi ingawa majani ya juu yamekauka. Mvua ifikapo, machipukizi hutoka mara moja, hayangoji mbegu kuota. Hupenda udongo uliotifuliwa, mashambani na kando ya njia. Atakaye kuutambua na atazame shina wima lenye uwazi ndani, majani marefu membamba na maua ya manjano. Jani likivunjwa hutoka utomvu mweupe kama maziwa.

Walakini mkulima naye ana haki ya kuushtaki. Jembe likilikata shina la chini vipande vitatu, aghalabu kila kipande huota mmea wake, na anayedhani anapalilia kumbe anapanda. Hana budi kuyachimbua mashina hayo, kuyatoa shambani na kuyakausha juani. Lakini majani hayastahili kutupwa. Mama mwenye busara huchuma kwanza, ndipo akapalilia.

Yafaa kuchuma majani machanga kabla mmea haujachanua, kwani baadaye uchungu huzidi. Huoshwa, hukatwakatwa na kuchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa. Kisha huchanganywa na majani ya kunde au mchicha, yakaliwa kwa sima. Huko pwani, Wagiriama na Wadigo huupika kwa tui la nazi. Wako wazee wasiomwaga maji yale, wakisema kwamba uchungu ndio dawa ya tumbo na homa. Mwenye malaria lakini aende zahanati upesi, mboga ataila baadaye.

Tena mchunga usichumwe katika shamba lililopigwa dawa ya magugu au ya wadudu, hata majani yakipendeza namna gani.