Grisi ya Viungo vya Gari la Zamani

Leo tutazungumza habari za grisi.

Watu wengi husema, "Grisi ni grisi." Sivyo. Grisi ni mafuta yaliyochanganywa na namna ya sabuni ili yashike mahali pake yasitiririke. Tofauti imo katika sabuni hiyo.

Grisi ya kwanza ni ya soda. Hii huvumilia joto, lakini ni jamaa ya sabuni ya kufulia: ikikutana na maji, huchanganyika nayo ikaondoka. Ya pili ni ya chokaa. Hii huyakataa maji, lakini ile ya kawaida huyeyuka joto likikaribia digrii 100. Ya tatu ni ya lithium. Hii huyakataa maji, tena huvumilia joto.

Sasa tazameni Volkswagen ndogo za kabla ya mwaka 1965. Viungo vya magurudumu yake ya mbele vina pini za chuma, na kila pini huhitaji grisi. Gari likipita mtoni au matopeni, maji hutafuta njia ya kuingia. Yakiikuta grisi ya soda, yataiondoa. Pini itashika kutu, usukani utakuwa mzito, na mwisho pini italika. Kiungo kikikatika njiani, roho za watu zimo hatarini.

Kwa hiyo, ndugu, ukienda dukani usiangalie rangi ya grisi. Soma kopo! Tafuta neno LITHIUM na namba 2. Namba hiyo huonyesha ugumu wa grisi.

Ukifika nyumbani, fanya hivi. Inua mbele ya gari kwa jeki, uweke magogo imara chini yake. Uzito ukiondoka kwenye pini, grisi hupata njia. Futa nipeli vizuri, maana mchanga hula chuma kama tupa. Kisha piga bomba polepole mpaka grisi ya zamani itoke yote na mpya ionekane. Usichanganye aina mbili. Nyingine zikikutana hulainika zikamwagika. Gari likizama majini, piga grisi tena upesi.

Maswali:
1. Grisi gani huondolewa na maji?
2. Kwa nini tunafuta nipeli kwanza?
3. Andika neno la kutafuta kwenye kopo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.