Kamera Zibaki Kibaoni

 

Mmeniita, wanajumuiya wenzangu wa huku ugenini, niseme juu ya mchango wa filamu ya vijana wa Kibaoni, kule Mpimbwe, mkoani Katavi. Wengi wenu mnapajua kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Mzee Pinda, Waziri Mkuu mstaafu. Mimi nitawataja wahamiaji.

Katavi ni mkoa wa watu waliokuja. Reli ya kutoka Kaliua ilifuata madini ya risasi Mpanda, ikaleta vibarua. Wasukuma wakaingia na ng'ombe wao katika nchi ya Wapimbwe. Makazi ya Katumba yakapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi wao na watoto wao walianza kupewa hati za uraia mwaka 2014, ila mtaani wapo ambao bado wanaitwa wakimbizi.

Kijana wa leo anafuata mpunga, anafuata dhahabu, au anachukua pikipiki ya mkataba. Hapo kwenye mkataba ndipo ningependa kamera ikae. Tajiri ananunua chombo, kijana anapeleka hesabu mpaka deni liishe, ndipo kadi iandikwe jina lake. Mvua ikinyesha, hesabu iko palepale. Akiugua, iko palepale. Akikwama mwezi wa mwisho, chombo kinarudi kwa mwenyewe na jasho la miezi yote limekwenda. Maisha ya kijana yanapanda au kushuka kwa karatasi ile ya mkataba, lakini filamu tunazochangia zinaanza na machozi, zinamalizia na nyumba ya bati. (Na tukiona machozi, mifuko hufunguka upesi. Tuambiane ukweli.)

Ipo njia nyingine. Miaka ya 1990 kikundi cha Maneno Mengi cha Zanzibar kilifanya kazi ya video na wavuvi wa kusini, Mtwara na Lindi. Wavuvi wenyewe walieleza uvuvi wa baruti unavyowaharibia bahari, wakajitazama, wakabishana, na kanda zikafika kwa wakubwa. Kwa hiyo wahusika kujisimulia wenyewe kwa kamera si jambo geni kwetu.

Basi nachanga kwa sharti. Kamera zibaki Kibaoni, mikononi mwa vijana wenyewe. Filamu itazamwe kwanza kijijini, na atakayesema sura yake iondolewe, iondolewe kabla haijatufikia sisi. Asiyeliafiki sharti hili, namwomba kwa heshima asichange.